"Una mkono mrefu": Sheria inakupa nini mfanyakazi mwenzako wa zamani akikuharibia kazi

Tuchukue mfano mmoja, maana hapa Mwanza hauko mbali na maisha ya watu. Dada amefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha kuchakata sangara, kitengo cha mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Anayeijua kazi hiyo anajua jinsi kitengo hicho kinavyolindwa. Bondo ni jepesi na linaingia mfukoni, lakini likishakaushwa bei yake kwa kilo inaiacha mbali minofu yenyewe. Kwa hiyo kila mzigo unapimwa, unaandikwa daftarini na kusainiwa. Mkataba wa dada huyu ukaisha, haukuhuishwa, akaondoka bila kesi wala barua ya onyo.

Miezi mitano baadaye anafanya usaili kiwanda kingine, upande wa Ilemela. Anaambiwa asubiri simu Jumatatu. Jumatatu inapita, na inayofuata nayo inapita. Anapiga mwenyewe, na afisa utumishi aliyemwonea huruma anamwambia kwa sauti ya chini: "Dada yangu, kusema kweli ulikuwa umepita. Tulipouliza kule ulikotoka tukaambiwa una mkono mrefu." Wiki hiyo hiyo rafiki anamtumia ujumbe kutoka kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani wa kiwanda: aliyekuwa msimamizi wake ameandika kwamba aliyemaliza mabondo stoo sasa anatafuta stoo nyingine ya kumaliza, na akataja jina lake.

Hapo kuna maneno mawili tofauti, ya mdomo na ya maandishi. La kwanza limesemwa kwa kuulizwa, la pili hakuna aliyeliuliza. Mtu aliyeumia huyaona kama kitu kimoja, fitina ile ile ya mtu yule yule. Sheria inayatenganisha, na kesi ya dada huyu inasimama au kuanguka kwenye utengano huo. Ndiyo maana nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Kwanza, hiyo sheria iko wapi? Wengi wanadhani ipo sheria moja ya Bunge inayoitwa Sheria ya Kashfa, ukiifungua unakuta kila kitu. Haipo. Kwa mtu wa kawaida anayemdai mtu wa kawaida, kashfa Tanzania inaongozwa zaidi na misingi ya sheria ya Kiingereza iliyopokelewa hapa kuanzia tarehe 22 Julai 1920, pamoja na maamuzi ya mahakama zetu tangu wakati huo. Juu yake iko Katiba ya 1977: ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, ibara ya 16 inalinda heshima ya nafsi na maisha binafsi, na ibara ya 30 inakubali sheria zinazolinda sifa za watu wengine. Msimamizi wako ana haki ya kusema. Wewe una haki ya kutoharibiwa jina kwa uongo.

Ili yaitwe kashfa, maneno yawe yanashusha heshima yako mbele ya watu wenye akili timamu, yawe yanakuhusu wewe, na yawe yamemfikia mtu wa tatu. Hilo la mwisho linawaangusha wengi. Msimamizi akikuita ofisini, akafunga mlango na kukuambia wewe ni mwizi, amekutukana, lakini hajakukashifu, kwa sababu hakuna mwingine aliyesikia. Na wewe ukitoka ukawasimulia wenzako kumi pale stendi ya Nyegezi, uliyeyasambaza ni wewe.

Sasa "mkono mrefu". Mswahili yeyote akisikia hivyo anajua ameambiwa mwizi. Lakini mahakamani maana haiachwi ijisemee. Hati ya madai inatakiwa kuyaandika maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa lugha ile ile yaliyosemwa, kisha ieleze maana waliyoipata waliosikia. Ukiandika tu kwamba "mdaiwa alinichafua jina kwa kusema mimi si mwaminifu", umeandika tafsiri yako na maneno yenyewe umeyaacha nje. Kama yalisemwa kwa Kisukuma, yaandikwe kwa Kisukuma na tafsiri iwekwe chini yake.

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha kama mtu wa Kanda ya Ziwa. Zamani hati na hukumu nyingi za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na methali au fumbo la Kiswahili lilifika kwa jaji likiwa limeshachujwa. Kisha Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Mahakama Kuu Kanda ya Musoma, akaandika uamuzi wake kwa Kiswahili. Tarehe 1 Februari 2021 Rais Magufuli alimsifu hadharani kwa hilo na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na mwaka huo huo sheria ikarekebishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Leo "una mkono mrefu" linaweza kuingia kwenye hati ya madai kama lilivyotoka mdomoni.

Turudi kwenye yale maneno mawili. Kwa kawaida kashfa ya mdomo humlazimisha mdai athibitishe hasara halisi aliyoipata, wakati kashfa ya maandishi inahesabiwa kuwa imeumiza hata kabla hujaonyesha shilingi uliyopoteza. Lakini kashfa ya mdomo ina vighairi vyake, na viwili vinamgusa dada yetu moja kwa moja: kumtuhumu mtu kosa la jinai linalostahili kifungo, na kusema maneno yanayomshusha kwenye kazi au taaluma yake. Kumwita mtunza stoo mwizi ni vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo akiambiwa kwamba yale ya simu ni maneno ya mdomo tu na hayana kesi, ameelezwa nusu ya sheria.

Kikwazo chake kikubwa ni kingine, kinaitwa kinga yenye masharti. Mwajiri mpya ana sababu halali ya kuuliza, na msimamizi wa zamani ana sababu halali ya kujibu. Sheria inataka mazungumzo ya aina hiyo yawe huru, la sivyo hakuna mtu angekubali kuwa mdhamini wa mtu kwenye maombi ya kazi. Kwa hiyo kwenye simu ile, hata kama alichosema kilikuwa na makosa, msimamizi analindwa mpaka dada athibitishe kwamba alisema kwa nia ovu. Nia ovu maana yake alijua ni uongo, au hakujali kama ni kweli au la, au aliitumia nafasi ile kulipa kisasi.

Nia ya mtu haionekani kwa macho, inasomwa kwenye mazingira. Je, hesabu ya mwisho ya stoo ilifungwa ikiwa sawa na yeye mwenyewe akasaini? Je, dada alimlalamikia kuhusu malipo ya saa za ziada wiki chache kabla? Je, aliwahi kumwandikia tathmini nzuri, na maneno ya wizi yakaanza baada ya ugomvi? Nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la mabondo, wenye sahihi ya msimamizi chini ya neno "sawa", inaweza kuwa na uzito kuliko mashahidi watano wa kusema dada huyu ni mtu wa kanisani.

Ujumbe wa WhatsApp una hali nyingine. Wafanyakazi wa zamani hawakuwa wakimwajiri, hawakuuliza, na hawakuwa na shida ya kujua. Kinga ile ni ngumu sana kuifikisha huko. Maneno yameandikwa, jina limetajwa, waliosoma wapo. Kama ningekuwa nakaa na dada huyu leo, ningemwambia ajenge kesi juu ya ujumbe, na simu ije kuonyesha hasara na chuki.

Utetezi unaoimaliza kesi yote ni ukweli. Kama kweli mabondo yalipotea mikononi mwako na msimamizi anaweza kuthibitisha, sheria ya kashfa haina cha kukupa. Nalisema waziwazi kwa sababu nimeona watu wakikimbilia wakili kwa hasira, na kesi ikawa jukwaa la kurudiwa mbele ya hadhira kubwa zaidi yale ambayo wangependa yasahaulike. Pia kuna maoni ya haki. "Alikuwa mzito wa kazi" ni maoni ya mtu. "Aliiba" ni dai la tukio, linathibitishwa au linakanushwa.

Ushahidi ndio mlima wenyewe. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, ingawa kwenye madai kipimo ni kuonyesha kwamba upande wako una uwezekano mkubwa zaidi, si kuondoa kila shaka kama kwenye jinai. Dada hawezi kusimama kizimbani kuthibitisha kwamba msimamizi alisema, kwa kueleza tu kuwa afisa utumishi alimwambia hivyo. Huo ni ushahidi wa kuambiwa. Anayetakiwa ni afisa mwenyewe, aliyeshika simu. Na huyo ana ajira yake, ana bosi wake, na alitoa siri kwa huruma. Mahakama inaweza kumpelekea samansi na atalazimika kufika, lakini shahidi aliyeburutwa anaweza kusahau mengi. Kabla ya kufika huko ni vizuri kumwomba kwa heshima aandike hata barua pepe fupi ya sababu za kutoajiriwa.

Kuna njia mpya ambayo watu wengi hawajaizoea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kumwandikia taasisi inayohifadhi taarifa zako uonyeshwe ilicho nacho kukuhusu, na kudai kisicho sahihi kirekebishwe. Waajiri nao wamo. Dada anaweza kuandika barua mbili: moja kwa kiwanda alichotoka, aone jalada lake linasema nini kuhusu kuondoka kwake, na nyingine kwa kiwanda kilichomkataa, kama kiliandika matokeo ya simu ile. Wasipojibu, yapo malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ya namna hii ni ya gharama ndogo, haina matusi, na mara nyingine jibu lake linakupa karatasi ambayo usingeipata kwa njia nyingine.

Ujumbe wa WhatsApp unakubalika mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imefungua mlango huo, ila utaulizwa ulivyoupata, umekaa kwenye simu gani, na kama haukuguswa. Picha ya skrini iliyopita mikono sita ni dhaifu. Mtu aliyekuwemo kwenye kundi, ujumbe ukiwa bado kwenye simu yake na namba ya mwandishi, tarehe na saa vikionekana, huyo ndiye shahidi. Asibadilishe simu, asifute kundi. Na wewe mwenyewe usiingie kwenye kundi kujibu kwa kumwita msimamizi mlevi na fisadi, kwa sababu utakuwa umempa madai ya kinyume.

Kuna pia mtego ambao watu hupenda kuuweka: kumpa kaka yako simu ajifanye mwajiri, apige, arekodi. Sikushauri kuutegemea. Uliyoyaomba mwenyewe yasemwe yanaweza kugeuka utetezi wa mdaiwa, kwamba ulikubali na kuyaita.

Sasa kesi inafunguliwa wapi? Mahakama ya Mwanzo kwenye madai husikiliza hasa mambo ya sheria za kimila na za Kiislamu, na kashfa ya aina hii haimo humo. Inaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Watu hupenda kuandika "nadai fidia ya milioni 500" wakidhani kiasi hicho kinawafikisha Mahakama Kuu. Hakiwafikishi. Kwenye kesi ya Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of Usambara Sisters, Mahakama ya Rufani ilisema kinachopima mamlaka ya mahakama ni dai mahsusi, yaani hasara yenye kiasi kinachotajwa na kuthibitishwa, si fidia ya jumla, kwa sababu fidia ya jumla iko mikononi mwa mahakama yenyewe kukadiria. Ukikosea mahali, pingamizi la awali linaweza kuifuta kesi kabla hata hujafungua mdomo.

Dai mahsusi nalo lina masharti yake. Kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, ya 1992, hutajwa karibu kila mara jambo hili linapozuka: fidia mahsusi lazima itajwe waziwazi kwenye hati na ithibitishwe. Kama dada anadai mishahara aliyoikosa, alete tangazo la kazi lenye mshahara, barua ya kuitwa kwenye usaili, na mtu wa kusema alikuwa amepita. Bila hivyo anabaki na fidia ya jumla kwa kuumizwa jina, ambayo inapanda au kushuka kwa kutazama uzito wa tuhuma, idadi ya walioisikia, na kama mdaiwa aliomba radhi au aliendelea kukaza shingo. Akishindwa kesi, anaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Hili aliweke kwenye mizani mapema.

Muda: madai ya madhara, na kashfa ni mojawapo, yana ukomo wa miaka 3. Usitegemee kuhesabu kuanzia siku uliyopata ujasiri wa kumwona wakili. Hesabu tangu maneno yaliposemwa au kuandikwa, na kila mara yaliporudiwa kwa mtu mpya ni tukio lake.

Je, kiwanda chenyewe kinaweza kushtakiwa? Kama msimamizi alijibu simu ile akiwa kwenye kazi yake, kama sauti ya kiwanda, ndiyo, mwajiri anaweza kubeba kosa la mtumishi wake. Kwa ujumbe alioandika usiku nyumbani kwake kwenye kundi la wastaafu na walioachishwa, ni vigumu. Hapa pia kuna kesi ya Uingereza inayofaa kujulikana. Mwaka 1994 Bunge la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua shauri la Spring dhidi ya Guardian Assurance. Muuza bima alikosa kazi kwa sababu ya barua mbaya ya mwajiri wa zamani. Nia ovu haikuthibitika, lakini ilionekana aliyeiandaa barua alikuwa mzembe, hakuhakikisha anachoandika. Malordi wakasema mwajiri anayetoa taarifa kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu. Uamuzi huo hauzibani mahakama zetu, ila wakili mzuri anaweza kuuweka mbele ya hakimu pale ambapo nia ovu imekosa ushahidi.

Kuhusu polisi, najua ndiko wengi wanakokimbilia kwanza, wachukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Kwa maneno ya simu wataambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani. Kwa ujumbe wa WhatsApp ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: anayechapisha kwa mfumo wa kompyuta taarifa anayoijua kuwa ya uongo, kwa nia ya kumkashifu mtu, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ni adhabu nzito, na kwa maoni yangu si mahali pa kuanzia. Jinai inamilikiwa na Jamhuri, huna usukani wake, kipimo cha ushahidi ni kikubwa zaidi, na mwisho wake mtu anaweza kufungwa bila wewe kurudishiwa jina mbele ya yule afisa utumishi.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ina nafasi yake, na huko kufungua shauri hakulipiwi. Kama ulifukuzwa kwa tuhuma hizo hizo za wizi, mgogoro wa kuachishwa unapelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu. Dada yetu mkataba wake ulifika mwisho, kwa hiyo ana dai la kuachishwa isivyo haki tu kama alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa. Lakini kitu kimoja kinamhusu yeye na kila anayeondoka kazini: cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Ni karatasi ya kawaida tu, lakini mbele ya mwajiri mpya inasema kazi uliyofanya na muda wako, bila kupitia mdomo wa mtu mwenye kinyongo. Wengi huondoka bila kuidai. Watumishi wa umma wana ngazi zao za malalamiko chini ya sheria za utumishi, na wanatakiwa kuzipita kwanza.

Na kama huna pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao watakusaidia kupanga nyaraka na kuandika barua.

Barua ya kwanza, hata hivyo, ni ya kusudio la kushtaki. Inayataja maneno, tarehe na mahali, inasema kwa nini ni uongo, na inatoa siku kadhaa za kujibu. Hata kesi ikifunguliwa mtapelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo andika barua hiyo ukijua hasa unachotaka. Mimi ningemshauri dada asiombe radhi ya jumla, ile ya "kama kuna niliyemkwaza". Aombe mambo mawili yaliyoandikwa: barua ya kiwanda kwenda kwa afisa utumishi yule yule wa Ilemela, ikisema hakuna upotevu wa mabondo uliowahi kuthibitishwa dhidi yake, na ujumbe wa msimamizi mwenyewe, kwa namba ile ile, kwenye kundi lile lile, ukifuta maneno yake kwa jina. Barua hiyo aiweke kwenye faili moja na cheti cha utumishi, na siku ya usaili unaofuata aende na faili mkononi.